Njia Mbili Hazikumshinda Liyongo

Kwa miaka mingi nilikuwa na methali moja niliyoipenda kuliko zote: njia mbili zilimshinda fisi. Niliitumia katika mikutano ya asubuhi mbele ya wanachuo, niliitumia ofisini, na nyumbani niliwasumbua nayo wanangu hadi wakawa wanaimalizia kabla sijafika katikati. Mwanachuo aliyetaka kubadili somo katikati ya mwaka, na mkufunzi aliyekuwa na kuku wengi kuliko madaftari aliyosahihisha, wote niliwapa fisi yule yule aliyesimama njia panda akapasuka msamba. Sasa nimestaafu, nimeshapita miaka sabini, na aliyenifanya nimtazame upya fisi wangu si mwanafalsafa wala mkaguzi wa elimu. Ni mjukuu wangu, na chombo alichotumia ni mchezo wa mezani.

Binti huyu anasoma chuo kikuu hapa hapa Morogoro. Siku za Jumamosi huja nyumbani kwetu Bigwa na wenzake wanne, na hasa wakati wa masika, wingu linaposhuka mlimani hadi miembe ya jirani isionekane, hukaa barazani mpaka magharibi. Mwanzoni nilidhani wanajisomea. Nilipokaribia nikamsikia kijana mmoja akisema kwa utulivu kabisa kwamba amekufa, na mwenzake akamjibu kuwa bado, ana nafasi moja zaidi. Nikavuta kiti.

Mchezo wenyewe unaitwa Dungeons & Dragons. Ulitolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Mtu mmoja huwa mwendesha mchezo, naye husimulia mahali na mambo yanayotokea: pango, mlango uliofungwa, jitu lenye njaa. Kila mmoja wa wengine ana mhusika wake, na husema mhusika huyo anafanya nini. Jambo likiwa na shaka, hurushwa dadu yenye pande 20. Ni hadithi ya jioni kama zile tulizosimuliwa na bibi zetu, isipokuwa hapa wasikilizaji wamo ndani ya hadithi, na bahati nayo ina neno lake.

Kila mhusika ana fani. Yuko mpiganaji, yuko mwanazuoni wa uchawi, yuko mwizi, yuko kuhani, yuko malenga ambaye silaha yake ni wimbo. Kadiri anavyopata uzoefu ndivyo anavyopanda ngazi katika fani yake, kutoka ya 1 hadi ya 20 katika vitabu vya siku hizi. Ndipo linapozuka swali ambalo wachezaji wamelijadili kwa karibu miaka hamsini: je, mtu mmoja anaweza kuwa na fani mbili? Nami, niliyekwisha kulijibu swali hilo kwa kutumia fisi, nikaomba kitabu cha kanuni. Nilikisoma kama nilivyozoea kusoma muhtasari wa masomo, kalamu mkononi. Baadaye vijana wakanitafutia na maelezo ya matoleo ya zamani. Yafuatayo ni maoni ya msomaji ambaye hajawahi kumpiga jitu, lakini amekaa miaka mingi akiamua nani afundishwe nini.

Kanuni za miaka ya sabini ziligawa watu kwa kuzaliwa. Katika kitabu cha mwaka 1978 viumbe waitwao elfi waliruhusiwa kuwa wapiganaji na wachawi kwa wakati mmoja. Alama zao za uzoefu ziligawanywa sawa kwa sawa baina ya fani zao, kwa hiyo walipanda polepole. Binadamu hakuruhusiwa jambo hilo. Mimi nilianza darasa la kwanza wakati wa Mwingereza, shule za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika zilipokuwa mbalimbali, kila moja na mafunzo yake kwa kazi iliyodhaniwa kuwafaa watoto wake. Kanuni inayotazama kwanza umezaliwa wapi ndipo iseme utajifunza nini hainihitaji niichambue sana. Waandishi wa baadaye waliiondoa, wakafanya vyema.

Hata hivyo binadamu walikuwa na mlango wao katika kitabu kile cha 1978, na mlango huo umenifikirisha kuliko ukurasa mwingine wowote. Binadamu aliweza kuiacha fani yake na kuanza nyingine, mradi awe na sifa za juu sana: alama 15 katika sifa kuu ya fani anayoiacha, na 17 katika ile anayoiendea. Akishavuka, anaanza ngazi ya kwanza kama mtoto. Mpiganaji wa ngazi ya saba aliyeamua kusomea uchawi ni mchawi asiyejua lolote. Tena kuna sharti zito zaidi. Akiwa safarini, hofu ikamshika akachomoa upanga wake wa zamani, basi safari hiyo yote haimpatii alama hata moja ya uzoefu. Ni mpaka fani mpya iipite ile ya zamani kwa ngazi ndipo anaruhusiwa kuzitumia zote mbili kwa uhuru.

Vijana walicheka waliponisomea sharti hilo. Wanaona ni ukatili. Mimi sikucheka. Nilipopewa ukuu wa chuo nilikuwa mwalimu wa darasani kwa miaka ishirini na nilikuwa mzuri, nasema bila haya. Kwa miaka mitatu ya kwanza kila tatizo lililofika mezani nililitatua kwa upanga wangu wa zamani. Mkufunzi akichelewa, nilikwenda kumfundishia kipindi chake. Hesabu za stoo zikipotea, niliwapa semina ya kujumlisha. Chuo kiliendelea, nami nikasifiwa kwa bidii, lakini katika kazi ya ukuu sikujifunza kitu. Sikujua kukaa na watu wazima wanaogombana, sikujua kusoma bajeti, sikujua kunyamaza. Yeyote aliyewahi kutolewa darasani akapelekwa ofisini ataielewa kanuni ile kuliko walioitunga. Anayeanza kazi mpya hana budi akubali kuwa mjinga kwa muda, na ujuzi wake wa zamani ndio humzuia.

Kwa hiyo hukumu yangu ya kwanza ni kwamba kanuni ya mwaka 1978 ni kali, na ina ukweli ndani yake kuhusu namna mtu anavyojifunza. Kosa lake ni kudhani kuwa fani mbili za mtu mmoja ni nyumba mbili, na kwamba mwenyewe hulala katika moja kwa wakati.

Toleo la mwaka 2000 lilifungua malango yote. Mtu yeyote, wa asili yoyote, kila anapopanda ngazi anachagua aiongeze katika fani ipi: leo upiganaji, kesho wizi, keshokutwa ukuhani. Ili kuzuia ulafi iliwekwa adhabu: fani zikipishana mno kwa ngazi, mara nyingi mhusika hukatwa asilimia 20 ya alama za uzoefu. Nia ilikuwa njema. Lakini mwalimu yeyote angewaambia kuwa mwanafunzi mjanja hujifunza kanuni ya adhabu kabla ya somo lenyewe. Kijana mmoja wa barazani aliniambia jinsi wachezaji wa enzi hizo walivyojenga wahusika wenye fani nne au tano, ngazi moja hapa kwa sababu ya ngao, mbili pale kwa sababu ya macho ya gizani. Hiyo naiita kudokoa. Ni mtoto anayepita kila chungu jikoni akichovya kidole. Atashiba, lakini ukimuuliza nyumba hii imepika nini leo, hajui.

Vitabu wanavyovitumia wajukuu zangu vinafuata njia iliyowekwa mwaka 2014, na kile kipya cha 2024 hakijaiacha. Anayetaka kuongeza fani lazima awe na alama angalau 13 katika sifa kuu ya fani aliyo nayo na katika ile anayoiendea. Adhabu ya zamani haipo. Haihitajiki, kwa sababu adhabu imo ndani ya ngazi zenyewe. Mpiganaji akifika ngazi ya tano hupata uwezo wa kushambulia mara mbili kwa zamu moja. Mchawi akifika ngazi ya tano hupata uchawi wa kurusha mpira wa moto. Sasa mchukue mhusika wa kijana mmoja wa barazani: mpiganaji ngazi ya nne na mchawi ngazi ya nne. Kwa jumla ni mtu wa ngazi ya nane, wenzake wanamwita mzee. Lakini hashambulii mara mbili, wala moto hana. Wenzake walivipata vitu hivyo siku nyingi, walipokuwa na ngazi tano tu. Yeye amefika kwenye malango mawili, na yote mawili amesimama nje hatua moja.

Nilimtazama kijana yule akihesabu karatasi yake kwa huzuni, nikamwona fisi wangu. Nilifurahi, nikiri, kama mzee anavyofurahi akiona methali yake imetimia. Nikamwambia mjukuu wangu, "Unaona, mke wangu? Wahenga hawakukosea."

Akanijibu, "Subiri zamu yangu, babu. Hujamwona wangu."

Wake aliitwa Liyongo.

Wengi wetu twamjua Fumo Liyongo, shujaa wa pwani ya kaskazini, wa nchi ya Pate na mto Ozi. Muhammad bin Abubakar Kijumwa wa Lamu aliandika utenzi wake mwaka 1913, na wanafunzi wetu wameusoma kwa vizazi. Jitu la mtu, bingwa wa upinde, na papo hapo mtunzi ambaye mashairi yanayohusishwa na jina lake ni miongoni mwa ya kale tuliyo nayo. Mjukuu wangu alimjenga mpiganaji kwanza, akangoja hadi ngazi ya tano ili asiukose ule uwezo wa kushambulia mara mbili, ndipo akaanza umalenga, na sasa alikuwa ngazi ya tatu ya umalenga. Ngazi nane, sawasawa na yule kijana mwenye huzuni.

Mimi, kwa kuwa nilikuwa nimeshakisoma kitabu, nikapinga. Nilimwonyesha kuwa ndani ya fani ya umalenga yenyewe mna matawi, nayo huitwa vyuo, neno lililonipendeza. Mojawapo ni chuo cha ushujaa: malenga anayeingia humo katika ngazi ya tatu hupewa silaha za vita na ngao, na katika ngazi ya sita naye hushambulia mara mbili. Kwa nini basi kuunganisha, wakati fani moja tayari ina vyote? Ni hoja ya mkuu wa chuo, na bado naiona ni nzuri. Mara nyingi mtu anayetaka kazi ya pili anachohitaji ni kuifahamu vizuri ile ya kwanza.

"Ni sawa, babu," akasema. "Lakini huyo ni malenga aliyefundishwa kupigana. Liyongo alikuwa vyote kabla hawajamfundisha." Tukaachia hapo, maana mwendesha mchezo alikuwa akingoja.

Jioni ile Liyongo wake alikuwa gerezani, minyororo mikononi, auawe alfajiri. Wanaoujua utenzi wanakumbuka: Liyongo alimtuma kijakazi Saada kwa mama yake kwa maneno ya ushairi ambayo walinzi hawakuyaelewa, na mama akaoka mkate wa wishwa akaficha tupa ndani yake. Kisha Liyongo akaomba ngoma ya gungu ichezwe, akawafundisha watu wimbo, na katika mshindo wa matari na sauti za waitikiaji akawa anakata minyororo yake. Binti alitaka kufanya hivyo hivyo. Mwendesha mchezo akamwambia arushe dadu mara mbili: kwanza ya wimbo, kuona kama watu wanaitikia, halafu ya nguvu, kuona kama chuma kinakatika. Umalenga kwanza, upiganaji baadaye.

Binti akakataa. "Si mambo mawili," akasema. "Anakata kwa mapigo ya wimbo. Akiacha kuimba wanamsikia, akiacha kukata wimbo hauna maana. Ni tendo moja."

Wakabishana kwa muda. Mwendesha mchezo, kijana mwenye busara, akaamua arushe mara moja tu, kwa dadu mbili, na ichukuliwe ile iliyotoka kubwa. Ilitoka 17. Barazani palilipuka kelele hata bibi yao akatoka jikoni kuuliza nani kaumia.

Mimi sikushangilia nao. Nilikuwa nimemkumbuka mtu.

Ilikuwa mwaka 1986, kabla sijawa mkuu. Nilikuwa mkufunzi wa Hisabati, nikapelekwa kuwakagua wanachuo katika mazoezi ya kufundisha kwenye shule ya msingi moja huku Uluguru, mahali ambapo gari liliishia chini, tukapanda kwa miguu kati ya migomba. Katika vyuo vyetu vya ualimu tumezoea kumtayarisha mwalimu kwa masomo mawili. Kijana huyu alikuwa na Hisabati na Muziki, jambo lisilo la kawaida. Kipindi nilichokikagua kilikuwa cha Hisabati, mada ikiwa sehemu. Aliingia darasani na ngoma. Akawagawa watoto: hawa wapige pigo moja zima, hawa nusu mbili ndani ya pigo lile, hawa robo nne. Watoto wale, wengi wao wakiwa peku, walishika nusu na robo kwa viganja vyao kabla hajaandika tarakimu ubaoni. Kisha akaandika, na waliokuwa wamepiga wakatambua walichokwisha kupiga.

Nami nikaandika kwenye fomu kwamba mwanachuo anachanganya masomo, kwamba kipindi cha Hisabati kifundishwe Hisabati, na nikampunguzia alama. Tulipokaa chini ya mti kumweleza, nilimpa fisi. Alisikiliza kwa adabu, akasema, "Asante, mwalimu." Kipindi kilichofuata alifundisha sehemu kwa kuchora chungwa ubaoni, nikampa alama nzuri. Ngoma sikuiona tena. Baadaye nilisikia alifundisha Hisabati peke yake katika shule alikopangiwa, na kwamba alikuwa mwalimu wa kawaida.

Nimeyasimulia haya kwa kuwa hapa ndipo penye upungufu wa kanuni zote nilizozisoma, za 1978, za 2000 na za 2014. Zote zinahesabu. Zinauliza umefika ngazi gani katika hii na ngazi gani katika ile, na utalipa nini. Hakuna hata moja inayouliza kama fani mbili hizo zimewahi kukutana katika tendo moja. Kwa hesabu peke yake, Liyongo wa mjukuu wangu na yule mpiganaji-mchawi mwenye huzuni ni ngazi nane kwa nane. Tofauti yao ni kwamba mmoja hupigana halafu akafanya uchawi, na mwingine huimba na kukata mnyororo kwa pumzi ile ile. Tofauti hiyo haimo kitabuni. Imeachiwa mwendesha mchezo, kama katika shule ilivyoachiwa mkaguzi mwenye fomu, na kuna waendeshaji wanaoiona na wakaguzi wasioiona.

Hata wakulima wetu wa milimani wangenifundisha hili ningewauliza. Mtu apandaye mahindi na maharage katika shamba moja hakushindwa kuchagua. Mharage hupanda juu ya bua la mhindi, na mizizi yake hurutubisha udongo unaomlisha mhindi. Mazao mawili yasiyosaidiana, yakipandwa pamoja, hunyang'anyana mwanga na yote hudumaa. Mkulima haulizi "moja au mawili?" Huuliza "haya yanafanyiana nini?" Tulipoletewa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, Mwalimu Nyerere aliitaka shule iwe pia shamba. Pale ambapo watoto walipima matuta katika Hisabati na kupima mavuno katika sayansi, jambo lilifaulu. Pale ambapo asubuhi ilikuwa ya vitabu na mchana wa jembe, bila moja kumjua mwenzake, tulipata nusu shule na nusu shamba, na wazazi wakalalamika kwa haki.

Basi mtu akiniuliza leo maoni yangu juu ya mchezo huu, nitasema kwamba kanuni zake za kuunganisha fani zimekuwa za haki zaidi kila zilipoandikwa upya, na kwamba bado zinahitaji swali moja. Mwendesha mchezo, mchezaji anapokuja na ombi la fani ya pili, asitazame alama 13 tu. Amwambie: nitajie tendo moja ambalo fani zako mbili zitalifanya pamoja, ambalo hakuna hata moja ingeliweza peke yake. Akilitaja, mruhusu, hata kama hesabu inamwonea. Asipolitaja, mwache abaki alipo hadi alipate. Ningekuwa na swali hilo mwaka 1986, kijana yule angelijibu kwa ngoma yake kabla sijamaliza kuuliza.

Fisi sijamfukuza. Bado yuko kweli, na yule kijana wa barazani ni shahidi. Lakini fisi yule hakushindwa kwa sababu njia zilikuwa mbili. Alishindwa kwa sababu kila moja ilikwenda kwake. Ziko njia mbili zinazokutana mbele ya kilima, na aliye njia panda hawezi kujua mpaka atembee.

Mwalimu yule, kama bado yu hai, sasa naye amestaafu. Kitabu hiki kitachapwa nakala chache na huenda kisimfikie. Lakini kama kitamfikia, ajue kuwa ile alama niliyompunguzia nairudisha, na kwamba barazani kwangu, Jumamosi moja ya masika, binti mmoja alifundisha somo lake upya na mkaguzi alikuwepo.

Jumamosi iliyofuata waliniuliza kama nataka mhusika wangu. Nimechagua mwizi wa ngazi ya kwanza. Sijui kitu, nami nafunguliwa milango na watoto.